Gari linalia nyuma: kagua haya kabla hujanunua difu

"Fundi, gari linavuma nyuma, difu imekwisha. Nipate wapi difu ya mtumba?"

Wiki hii swali hilo limenifikia mara mbili hapa Tanga. La kwanza limetoka kwa kijana wa Makorora mwenye Land Rover 110, la pili kwa mama wa Muheza anayebebea machungwa kwenye pikapu ya Land Cruiser. Wote wawili walikwisha kutajiwa bei ya difu kabla mtu yeyote hajalala chini ya gari kutazama.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilishusha difu ya Hilux ya mteja, nikapandisha nyingine, tukatoka barabarani na mvumo ukawa ule ule. Zilikuwa tairi. Fedha ya mwenye gari ilikuwa imeshakwenda, na mpaka leo jambo lile linaniuma. Ndiyo maana nakuomba ufuate mpangilio huu kama ulivyo: anza na vitu visivyo na gharama, difu iwe ya mwisho.

Mwongozo ni wa magari yenye ekseli nzima nyuma, yaani mhimili mmoja wa chuma toka gurudumu hadi gurudumu: Land Cruiser za mfululizo wa 60, 70 na 80, Hilux, Nissan Patrol na Defender za zamani, na Land Rover Series. Propela shafti (bomba refu la chuma linalozunguka) inatoka kwenye transfa (boksi la nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na kuingia kwenye difu. Difu inagawa nguvu kwa shafti mbili za ekseli, kushoto na kulia, hadi kwenye habu, yaani vitovu vya magurudumu. Nadharia inatosha hapo.

Andaa vitu hivi

- Jeki inayobeba uzito wa gari lako na stendi mbili za chuma. Tofali halifai hata kidogo, linapasuka bila kutoa taarifa.
- Kabari nne za mbao ngumu za kuzuia magurudumu.
- Spana za kufungua propela: kwa Toyota nyingi ni 14, kwa Land Rover ni 9/16 ya inchi. Ukilazimisha spana ya milimita kwenye Land Rover utakula kichwa cha nati.
- Kitu cha kufungulia bolti za oili kwenye difu. Land Cruiser nyingi hutumia spana 24, na Land Rover nyingi zina tundu la mraba la nusu inchi.
- Beseni safi, matambara meupe, tochi, chaki au rangi nyeupe.
- Lita tatu hadi nne za oili ya gia namba 90 ya kufaa difu, yaani iliyoandikwa GL-5.
- Pampu ya grisi.
- Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja hivi. Ncha moja sikioni, nyingine karibu na chuma, utasikia mengi.
- Daftari na msaidizi mwenye masikio mazuri.

Onyo kabla ya jeki kugusa gari

Kwenye Land Rover za Series na Defender, hendibreki haishiki magurudumu ya nyuma. Inashika propela, pale inapotokea kwenye transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu gurudumu hilo lizunguke, na gari linaweza kuteleza kutoka kwenye jeki ingawa hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara, hata kama unainua kwa dakika moja tu.

Hatua ya 1: Andika mlio, usiupe jina la ugonjwa

Usiandike "difu". Andika unachosikia: kuvuma kama nyuki, kulia kwa sauti nyembamba, kunguruma, kugonga "ko!" mara moja, kukwaruza, au "kwi-kwi-kwi" kama kitanda cha kamba. Kisha andika unatokea lini. Ni mwendo gani? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kwenye kona? Gari likiwa baridi au baada ya safari? Ulianza ghafla, au umekua pole pole tangu masika?

Hilo la mwisho watu hulidharau, nami nalithamini sana. Mlio ulioanza siku moja baada ya kubadilisha tairi au kushusha gia boksi, chanzo chake kiko palepale mkono wa mtu ulipopita.

Hatua ya 2: Maliza habari ya tairi

Pitisha kiganja juu ya tairi, mbele kwenda nyuma, kisha nyuma kwenda mbele. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, au mabonde na vilima, tairi hiyo inavuma na mvumo wake unafanana kabisa na difu. Tairi za meno makubwa za matope huvuma hata zikiwa mpya.

Jaza upepo sawasawa magurudumu yote, kisha hamisha tairi za nyuma ziende mbele. Mlio ukihamia mbele, kazi imekwisha. Ukibaki nyuma vile vile, endelea.

Njia nyingine ni kubadilisha barabara. Tembea kwenye lami laini, kisha ingia kwenye barabara ya vumbi au mchanga kwa mwendo ule ule. Mvumo wa tairi hubadilika au hupotea. Mlio wa difu na beringi haujali gari linakanyaga nini.

Kagua pia nati za ringi. Zikilegea hugonga, na hiyo si hali ya kuendelea nayo hata mita mia.

Hatua ya 3: Jaribio la barabarani

Chagua kipande kirefu kilichonyooka, asubuhi kabla malori hayajawa mengi. Mimi hupenda barabara ya Horohoro baada ya kutoka mjini, kwa sababu lami yake inaniruhusu kusikiliza bila kusumbua wengine. Funga vioo, zima redio. Msaidizi akae nyuma, juu ya ekseli, kwa sababu dereva akiwa mbele hudanganywa na bodi: chuma hubeba sauti, na mlio wa kushoto unaweza kusikika kulia.

Fanya majaribio haya, na kila moja uliandike:

a) Gari likiwa limesimama, kwenye nyutro, zungusha injini mpaka mzunguko ule ambao mlio hutokea. Ukisikika, chanzo ni injini, klachi au gia boksi. Nyuma hakuna tatizo.

b) Tembea mwendo wenye mlio, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia, kisha shikilia mwendo usipande wala kushuka. Mlio unaotoka ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake, unahusu vitu vinavyobeba nguvu: krauni na pinioni ya difu (gia kubwa na gia ndogo inayoizungusha), beringi za pinioni, krosi (viungo vya kukunjika kwenye ncha za propela).

c) Kwenye mwendo huo huo weka nyutro na uache gari lijiendee. Mlio ukibaki bila kubadilika hata kidogo, fikiria tairi na beringi za habu kwanza.

d) Pale penye nafasi, yumbisha usukani taratibu kushoto kisha kulia. Uzito ukihamia upande mmoja, beringi mbovu ya upande huo hunguruma zaidi. Ukielekeza gari kushoto na ngurumo ikaongezeka, anza na habu ya kulia.

e) Tembea pole sana, kilomita 10 kwa saa, na uhesabu mapigo. Kwa tairi ya 7.50R16 gurudumu huzunguka takriban mara moja kwa sekunde, na propela karibu mara nne. Ukiweza kuhesabu "moja... mbili... tatu" kwa utulivu, chanzo kinazunguka na gurudumu: tairi, habu, dramu ya breki, shafti ya ekseli. Mapigo yakiwa ya haraka kuliko ulimi wako, tazama propela na pinioni. Nikiambiwa nichague jaribio moja tu kati ya haya matano, nitachagua hili.

Onyo: usizime ufunguo gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unaweza kujifunga na breki zitakuwa nzito. Na jaribio la nyutro usilifanye kwenye mteremko wa Lushoto kwenda Mombo au popote penye kona za mlima. Pale injini ndiyo breki yako.

Ukirudi, kabla ya kuosha mikono, sogeza nyuma ya kiganja karibu na habu zote mbili za nyuma, kisha difu. Habu moja ikiwa na moto na nyingine vuguvugu, beringi inakufa au breki inashika. Guso liwe la haraka, chuma hicho kinaunguza.

Hatua ya 4: Chini ya gari, magurudumu yote yakiwa ardhini

Weka kabari, weka nyutro, achia hendibreki. Lala chini na tochi.

Shika propela kwa mkono mmoja na pembe ya pili ya krosi kwa mkono mwingine, zungusha kinyume. Krosi nzima haina plei (kuchezacheza) hata ya unywele. Jaribu pia kuisukuma juu na chini. Fanya hivyo kwa krosi ya nyuma na ya mbele. Watu hukagua ya kwenye difu na kusahau ile ya kwenye transfa.

Tazama vikombe vya krosi. Unga mwekundu unaotoka pembeni ya kikombe ni kutu ya beringi iliyokauka. Sisi wa huku tuna shida ya ziada: gari lililotoka Lushoto au Amani lina udongo mwekundu kila mahali. Futa kwa tambara, piga grisi kwenye nipo, tembea kilomita chache, angalia tena. Udongo hautarudi, unga wa kutu utarudi. Na grisi ikitoka kwenye vikombe vitatu tu kati ya vinne, kile cha nne kimeziba na krosi hiyo haina muda.

Shika flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu, uitikise juu na chini. Isicheze kabisa. Ikicheza, beringi za pinioni zimekwisha au nati imelegea, na utaona oili sili yake (mpira unaozuia oili) inavuja. Plei ya kuzunguka ni habari nyingine: gari la miaka thelathini lazima litakuwa nayo kidogo, na plei hiyo peke yake si sababu ya kushusha difu.

Bado uko chini, kwa hiyo kagua haraka: yubolti za springi, bushi za springi, bomba la ekzosti linalogusa chasisi, na kwenye Defender na Land Cruiser 80 bushi za mikono inayoshika ekseli. Bushi iliyokufa hugonga "ko!" ukiondoka, sawa kabisa na krosi.

Hatua ya 5: Inua nyuma, sikiliza kwa mikono

Ekseli ikae juu ya stendi, kabari mbele. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Ekseli hizi za nyuma hazina kitu kingine cha kulegea pale, kwa hiyo likicheza ni beringi. Kwenye Land Cruiser nyingi, Patrol na Defender beringi hizo hubanwa kwa nati, na mara nyingine zinahitaji tu kusafishwa, kupakwa grisi na kubanwa upya. Kwenye Hilux beringi imebanwa kwa presi kwenye shafti yenyewe, na ikifa mara nyingi oili huingia kwenye dramu na breki ya upande huo hupoteza nguvu. Ukiona oili pale, usiliondoshe gari mpaka limerekebishwa.

Zungusha gurudumu kwa mkono pole pole, mkono mwingine ukiwa kwenye bamba la breki. Beringi mbovu huisikii tu, unaihisi vidoleni kama mchanga ndani ya kinu. Breki shuu ikikwaruza, itakwaruza sehemu moja ya mzunguko.

Onyo kubwa: usiwashe injini na kuingiza gia gari likiwa juu ya stendi nyuma tu, kama gari lako linaendesha magurudumu manne muda wote kama Defender. Magurudumu ya mbele yatalivuta gari lishuke kwenye stendi, nawe uko chini yake. Hata kwa gari la kawaida, kazi hiyo mwachie fundi mwenye vifaa.

Hatua ya 6: Oili ya difu

Fungua bolti ya kujazia kwanza, ile ya juu. Nasema tena, ya juu kwanza. Kila mwaka naona mtu amemwaga oili yote, kisha bolti ya juu imegoma kwa kutu ya chumvi, na gari limekwama uani.

Ingiza kidole. Oili iwe usawa wa mdomo wa tundu. Ikiwa chini sana, umepata sababu, na sasa tafuta inapovujia. Kisha mwaga kwenye beseni safi, uitazame juani:

- Nyeusi lakini laini: ni ya zamani tu.
- Kama chai ya maziwa: maji yameingia. Kagua bomba dogo la kupumulia juu ya ekseli. Likizibwa na tope, difu yenye moto ikiingia mtoni huvuta maji kupitia sili.
- Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya bolti: kawaida.
- Vipande unavyoweza kuokota kwa kucha, au vibapa vinavyometameta: beringi au meno yanakatika. Hapa ndipo difu inapostahili kufunguliwa.

Ukikuta unga wa mbao au grisi nzito humo ndani, mtu alitaka kuficha mlio akuuzie gari. Safisha kabisa. Na usijaribu nawe kunyamazisha kwa oili nzito ya namba 140: meno yataendelea kulika, ila wewe hutasikia.

Hatua ya 7: Toa propela ya nyuma, tembea na ya mbele

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi. Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye flenji zote mbili, na alama nyingine kwenye sehemu ya propela inayoteleza, ili kila kitu kirudi kilipokuwa.

Kwenye gari la kuingiza 4x4 kwa mkono, funga friwili habu za mbele (vifungo vya kuunganisha magurudumu ya mbele na shafti zake), ingiza 4H (magurudumu yote manne, gia ya kasi), tembea. Kwenye Defender, funga difu ya katikati (iliyo ndani ya transfa), la sivyo gari halitaondoka. Kumbuka pia kwamba hendibreki ya Defender sasa haishiki nyuma kabisa. Ukisimama weka kabari. Usizidi kilomita 60 kwa saa, nenda na rudi tu.

Mlio ukipotea kabisa, chanzo ni propela au difu ikiwa na mzigo, na majaribio ya hatua ya 3 yatakuambia ni kipi. Mlio ukibaki nyuma vile vile, ni tairi, habu, breki, au beringi za pembeni za difu ambazo bado zinazunguka.

Mlio huu, tazama hapa

*Kulia kwembamba ukikanyaga mafuta, kwenye mwendo maalumu:* meno ya krauni na pinioni yamelika au hayakusetiwa vizuri. Oili ikiwa safi na mlio hauongezeki, gari linaweza kutembea hivyo muda mrefu. Mimi huwaambia watu wasiguse, wakague oili kila mara.

*Kulia ukiachia mafuta:* nati ya pinioni na beringi zake. Usikubali mtu aibane nati hiyo "kidogo tu" kuondoa plei. Kwenye difu nyingi ndani kuna spesa inayopondwa kwa kipimo; ukizidisha, beringi inaungua ndani ya siku chache.

*"Ko!" moja ukiondoka au ukibadilisha gia:* krosi, bushi, yubolti, na kwenye Land Rover meno ya shafti ya ekseli yanapoingia kwenye flenji ya habu. Gia ndogo za ndani ya difu ziwe za mwisho.

*"Kwi-kwi" ya haraka mwendo mdogo, inapotea ukikimbia:* krosi kavu. Ukiipuuza, siku moja propela itaanguka.

*Kugugumia kwenye kona kali pole pole:* kama difu yako ni ile inayobana magurudumu yasiteleze, imewekewa oili isiyo yake. Kama ni ya kawaida, gia ndogo za ndani.

*Nimebadilisha krosi, sasa gari linatetemeka:* propela imerudishwa vibaya kwenye sehemu ya kuteleza. Pembe za krosi mbili za propela lazima zilale usawa mmoja. Fungua, fuata alama zako. Kama hukupiga alama, panga kwa macho juu ya sakafu tambarare.

*Mlio umeanza baada ya kupita ufukweni Pangani:* osha chini kwa maji baridi siku ile ile, kisha piga grisi krosi zote mpaka ile ya zamani itoke. Fungua dramu uondoe mchanga.

*Nimehakikisha, ni difu, nanunua ya mtumba:* uwiano wake, yaani meno ya krauni kugawa kwa meno ya pinioni, lazima ulingane na difu ya mbele. Land Cruiser 70 nyingi ni 4.11, yaani meno 37 kwa 9, na Defender ni 3.54. Usiamini maneno ya dukani. Kwenye gari lako, inua gurudumu moja la nyuma, lile jingine likiwa chini na kabari, gia kwenye nyutro. Lizungushe gurudumu mara mbili kamili huku msaidizi akihesabu mizunguko ya propela: zaidi kidogo ya nne ni 4.11, tatu na nusu ni 3.54. Kwenye Defender achia hendibreki kwanza, la sivyo propela haitazunguka. Kwa difu iliyo mezani, hesabu meno ya krauni, gawa kwa meno ya pinioni. Ukifunga uwiano tofauti na wa mbele, gari litatembea vizuri kwa 2H (magurudumu ya nyuma tu), na siku utakayoingiza 4H kwenye ardhi kavu utavunja transfa.